Simu ni yangu, funguo anazo nani?

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 54, naishi Ifakara, na ni mhazini wa kikoba cha kina mama 22. Hisa na marejesho hupitia kwenye laini yangu kabla sijavipeleka benki. Matangazo yote tunayaweka kwenye kundi letu la WhatsApp.

Jumapili iliyopita usiku katibu wetu alipata ujumbe kutoka kwa mwanachama mwenzetu: "Dada samahani, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kimakosa, naomba unirushie." Akazirusha. Haikupita muda WhatsApp yake ikajifunga, na kwenye kundi "yeye" akaanza kuomba: ana mgonjwa, pesa atarudisha kesho asubuhi, zitumwe kwa namba ya shemeji yake. Wawili wakatuma, mmoja 150,000 na mwingine 80,000. Katibu mpaka leo hajaingia. Simu inamdai namba ya siri ambayo hakuwahi kuiweka.

Nimeingiwa na hofu. Simu yangu nilinunua dukani na muuzaji ndiye aliyenifungulia hiyo akaunti ya Google. Namba yake ya siri siijui. Namba nyingine zote anazijua mtoto wa dada yangu, maana ndiye anayenisaidia. Sasa fundi wa stendi anasema simu zetu zimeingiwa na virusi, anataka 25,000 kwa kila simu ili azisafishe na kuweka programu ya ulinzi.

Je, ni virusi kweli? Mtu wa umri wangu akitaka kujifunza usalama wa mtandao aanzie wapi, aende kozi? Na kikoba kiachane na WhatsApp kirudi kwenye daftari?

Mhazini, Ifakara

*

Mama Mhazini, shikamoo.

La fundi kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi: msimpe hiyo pesa. Kwa maelezo yako hakuna kirusi kilichoingia popote. Katibu aliombwa ufunguo akautoa kwa mkono wake, na hakuna programu ya ulinzi inayoweza kumzuia mtu kutuma tarakimu 6 kwa anayemwamini.

Ilivyokwenda ni hivi. Tapeli aliweka WhatsApp kwenye simu yake, na ilipouliza namba akaandika namba ya katibu. WhatsApp haijui nani ameshika simu. Inachofanya ni kutuma namba 6 za uthibitisho kwa SMS kwenye laini husika, ikiamini kuwa mwenye laini ndiye mwenye akaunti. Namba zikaingia kwa katibu, katibu akazirusha, tapeli akaziandika, na papo hapo simu ya katibu ikatolewa nje. Meseji zake za zamani hakuzipata, kwa sababu hizo hukaa ndani ya simu yenyewe. Alichopata ni makundi yote na majina ya waliomo, na hicho ndicho alichokitaka. Halafu akaweka PIN yake ya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili inayodaiwa baada ya zile za SMS, ndiyo hiyo inayomgomea katibu.

Mwambie katibu asikate tamaa mbele ya hiyo PIN. Aifungue WhatsApp, aandike namba yake, asubiri SMS, aandike zile namba 6 mpya. Akishaziandika tu, tapeli anatolewa, hata kama PIN haijulikani. Hapo wengi hukosea: wanaona skrini inadai PIN, wanaifunga simu na kukaa kusubiri, tapeli naye anaendelea kuomba pesa kwa jina lao. Akiandika namba za SMS, wote wawili wanakuwa nje, kisha baada ya siku 7 yeye mwenyewe ataruhusiwa kuingia bila PIN na kuweka ya kwake. Ndani ya siku hizo 7 asimpe mtu yeyote namba nyingine zitakazoingia. Ninyi mtoeni kwenye kundi leo, mtamrudisha akishapona.

Na yule mwanachama ambaye ujumbe wa kwanza ulitoka kwake? Naye ameibiwa, karibu kwa hakika. Mpigieni simu ya kawaida, si ya WhatsApp, afanye hivyo hivyo.

Waliotuma pesa wapige huduma kwa wateja ya mtandao wao, namba 100, wakiwa na namba ya muamala iliyo kwenye SMS, waombe muamala uzuiwe. Saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini; pesa ikishatolewa kwa wakala, kampuni haina cha kuzuia. Hata hivyo wapige, halafu waende polisi wapate RB, yaani namba ya taarifa yao kwenye kitabu cha polisi, kwani kampuni ya simu haimpi raia taarifa za mwenye laini. Hizo huombwa na polisi. Namba ya huyo "shemeji" na ujumbe wake vipelekeni 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu, na mfuate maelekezo yatakayorudi. Jambo moja la kuwauliza kwa upole: kabla ya kuweka namba ya siri, menyu iliwaonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa la nani? Tapeli alishaliandalia hilo kwa neno "shemeji", ili jina geni lisiwashtue.

Sasa wewe. Hofu yako ina msingi, ila umeielekeza kwa wadukuzi wakati kilicho wazi kipo karibu zaidi. Kwa ulivyoandika, laini ni yako lakini hujataja kuwa ina kufuli, akaunti ya Google ni ya muuza simu, na namba za siri anazo mtoto wa dada. Kabla ya kozi yoyote, kusanya funguo zako. Zipo kwa ngazi: anayeshika laini anaweza kufungua barua pepe, yaani akaunti ya Google, anayeshika barua pepe anaweza kufungua karibu kila kitu kingine. Kwa hiyo anza chini, na usifanye vyote siku moja. Ngazi moja kwa wiki inatosha, nusu saa ukiwa umetulia na simu ina chaji.

Laini

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, si kwa kijana wa mwavuli, uikane iondolewe. Laini yako ya zamani uliyoiacha nayo usiisahau: laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikauzwa kwa mwingine, na kama bado imeandikwa kwenye barua pepe yako, huyo mwingine ndiye atakayepokea namba zako za uthibitisho.

Kisha weka PIN ya laini. Hii si ile ya kufungua skrini wala ya kutolea pesa. Mwizi akikwapua simu yenye skrini iliyofungwa, hahangaiki na skrini. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anaomba namba za uthibitisho zinamjia. PIN ya laini inamkatia hapo, maana kila laini inapowekwa kwenye simu nyingine au simu inapozimwa na kuwashwa, inadaiwa. Iko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, "funga laini" au "SIM" kulingana na aina ya simu.

Tahadhari hapa. Laini inakuja na PIN ya kiwandani, na simu itakudai hiyo kwanza kabla hujaweka yako. Imeandikwa kwenye kile kikadi laini ilikotolewa. Kama umekitupa, piga 100 uulize. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inafunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa, utaanza safari ya kuirudisha. Simu yako ikiwa ya laini mbili, zote mbili zifungwe.

Ukiwa hapo hapo, piga *#21#. Ikionyesha kwamba simu zako zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua, piga ##002# kufuta. Kuna matapeli wanaompigia mtu wakijifanya mafundi wa mtandao, wanamtajia namba ndefu ya kubonyeza inayoanza kwa nyota. Akibonyeza, simu zake zinaanza kwenda kwao, na WhatsApp inaweza kutoa namba za uthibitisho kwa njia ya kupiga simu pia.

Akaunti ya Google

Hii ndiyo itakayokuchosha, na ndiyo yenye thamani. Muuza simu hakuwa na nia mbaya lazima. Anataka mteja aondoke haraka, kwa hiyo anafungua akaunti kwa namba yake mwenyewe na neno la siri analotumia kwa wateja wote. Lakini majina na namba za watu uliowahifadhi kwenye simu, picha na nakala za meseji vinahifadhiwa humo. Na siku simu ikifutwa ianze upya, itadai neno la siri la akaunti hiyo hiyo, na wewe hulijui.

Nenda mipangilio ya simu, Google, dhibiti akaunti, usalama. Gusa neno la siri. Likidaiwa la zamani, chagua kwamba umesahau. Mara nyingi Google itakuruhusu kuthibitisha kwa kufuli la skrini la simu hiyo hiyo, kwa kuwa tayari imeingia. Ukifanikiwa, weka neno jipya, kisha nenda kwenye namba ya simu ya kurejesha akaunti. Futa ya muuzaji, weka yako. Fanya hivyo hivyo kwa barua pepe ya kurejesha. Jua kwamba hata baada ya kubadilisha, Google inaweza kuendelea kuiheshimu ile namba ya zamani kwa siku 7, kwa hiyo wiki hiyo ya kwanza usidhani kazi imekwisha. Halafu fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, na kila usichokijua ukitoe.

Ikikataa kabisa, usishindane nayo. Fungua akaunti mpya kwa namba yako. Kabla ya kuondoa ile ya zamani, ingia kwenye programu ya majina ya simu, toa nakala ya majina yote kama faili, uyaingize kwenye akaunti mpya, na picha uzihamishe. Watu huondoa akaunti kwanza, majina yote yanapotea nayo, halafu wanalia.

Neno la siri lenyewe: urefu unazidi ujanja. Herufi kubwa hapa na alama ya mshangao pale hazisaidii sana kama msingi ni jina la mjukuu. Chukua kamusi au kitabu chochote, fungua kurasa 4 bila kuchagua, chukua neno moja kila ukurasa: tuseme *kijiko, banda, hamira, mwezi*. Yaunganishe kwa vistari, tayari una neno refu unaloweza kulikumbuka. Methali usitumie, wala maneno ya kanga, wala mstari wa Maandiko. Hayo kila mtu anayajua, na programu za kubahatisha maneno ya siri hulishwa misemo ya namna hiyo. Neno la Google lisitumike mahali pengine popote.

Utaliandika wapi? Kwenye daftari, na daftari ndani ya sanduku lenye kufuli. Vijana watakucheka. Ila tapeli aliyeko mbali hafikii sanduku lako, na kwa anayeanza, daftari la nyumbani ni salama kuliko neno moja la siri kwenye akaunti sita. Lisikae kwenye mkoba mmoja na simu, wala kwenye kava ya simu. Ukizoea, utahamia kwenye hifadhi ya manenosiri iliyomo ndani ya akaunti ya Google yenyewe.

Mwisho wa ngazi hii, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa Google, na uombe namba za akiba. Utapewa 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye daftari lile. Simu ikiibiwa hizo ndizo zitakazokuingiza.

WhatsApp

Mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe yako, ambayo sasa ni yako kweli. Dakika 2. Katibu angekuwa nayo, tapeli angezipata zile namba 6 na bado angekwama mlangoni. WhatsApp itakuwa inakuuliza hiyo PIN mara moja moja; haikusumbui, inakusaidia usiisahau.

Kisha angalia vifaa vilivyounganishwa. Kama uliwahi kuchapisha barua kwenye duka la steshenari kwa kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, kuna uwezekano bado iko wazi pale, na yeyote anayekaa kwenye kiti kile anasoma meseji za kikoba. Gusa kifaa usichokijua, ukiondoe. Siku nyingine mtumie mwenye duka hilo faili moja kwenye namba yake, akishachapisha mwombe alifute mbele yako, hasa ikiwa ni kitambulisho.

Kama WhatsApp yako inaitwa GB, au ilitumwa kwako kama faili badala ya kutoka Play Store, itoe. Si ya kampuni yenyewe, akaunti inaweza kufungiwa, na aliyeitengeneza hatujui ameweka nini ndani.

Pesa na mpwa

Namba ya siri ya pesa ina tarakimu 4, yaani uwezekano 10,000. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto, umempunguzia mwizi kazi mpaka mia moja hivi. Badilisha. Na SMS ya "umepokea" usiiamini peke yake hata ikija chini ya jina la huduma, maana jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Uhakika uko kwenye salio, piga menyu uangalie. Anayekupigia akisema amekosea kutuma, usirudishe wewe. Mwambie apige 100, kampuni itashughulika.

Kuhusu mtoto wa dada yako, hakuna haja ya kumtuhumu, wala usimfiche kwamba unabadilisha namba zote. Mwambie waziwazi kwamba pesa ni ya watu 22, na siku ikipungua shilingi, yeye ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Msaada uendelee kwa utaratibu mpya: yeye aelekeze kwa mdomo, kidole kiwe chako, na wakati wa namba ya siri ageuze uso. Utaratibu huu una faida ya pili. Hatua uliyobonyeza mwenyewe mara 3 hutaisahau, ile uliyofanyiwa mara 30 hujajifunza. Kwa wakala ni vivyo hivyo; namba ya siri haitajwi kwa sauti hata kama macho hayaoni vizuri. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu.

Viungo

Utaletewa "bando la bure la sikukuu, sambaza kwa makundi 10". Jifunze kusoma anwani, ni ujuzi mdogo wenye faida kubwa. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya zile // za mwanzo, kisha soma kurudi nyuma. Mfano wa kubuni: *https://benkiyako.co.tz.zawadi-leo.com/ingia*. Jicho linaona benki na co.tz linatulia. Lakini kabla ya mkwaju pameandikwa *zawadi-leo.com*, na huyo ndiye mwenye nyumba. Yote yaliyotangulia ni mapambo aliyoyaandika mwenyewe. Alama ya kufuli pembeni haithibitishi uaminifu. Inasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikiki njiani, hata kama unazungumza na mwizi.

Na programu za mikopo ya haraka, ziogopeni kikoba kizima. Zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na mkopaji akichelewa, wanaotumiwa matusi ni ninyi mliomo kwenye majina yake. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Kozi? Zipo za bure mtandaoni, ila nyingi ni kwa Kiingereza na zinaanza na mambo ya ofisi. Ziache mpaka ngazi hizi ziwe zimekamilika, ndipo utaelewa zinazungumzia nini.

Kikoba kibaki na vyote viwili. Daftari lenye saini liwe ndiyo kumbukumbu ya pesa, WhatsApp iwe ya matangazo. Msiweke kwenye kundi picha za vitambulisho wala orodha ya nani ana hisa ngapi. Namba ya kupokelea pesa ibadilishwe kwenye kikao tu, na ombi lolote la pesa lithibitishwe kwa simu ya kawaida, sauti kwa sauti, kabla ya mtu kugusa menyu. Kikao kijacho tengeni nusu saa kabla ya kununua hisa: kila mmoja apige *106#, kila mmoja aweke PIN ya WhatsApp hapo hapo kwenye mkeka, na wewe uanze kuonyesha kwa simu yako.